Ardhi Nyeupe ya Bi Eufrasia

Kazi yangu ni kupeleka maji. Lori langu hutoka Calama na tangi mgongoni, hupita vijiji vya pampa, jangwa letu, ambavyo serikali huvikumbuka wakati wa kura tu, na cha mwisho ni Tinajas. Nalisema hili mapema ili mtu asije kunifundisha thamani ya maji. Naijua. Nimewahi kugombana na shemeji yangu kwa ajili ya ndoo moja, na hatujapatana mpaka leo.

Na Bi Eufrasia Yufla sikuwahi kugombana. Nilimsimamia bintiye Yovana kwenye ubatizo, kwa hiyo yeye aliniita kompadre na mimi nikamwita komadre, na kwetu watu wanaoitana hivyo hawapigiani kelele, hata kama mmoja wao ana hasira za karibu kama mimi. Alikuwa mwanamke mfupi, kofia yake ya sufi imepauka kwa jua, mjane wa fundi wa reli. Treni ilipoacha kusimama Tinajas wengi walifunga milango wakahamia mjini. Yeye alibaki na llama wake wachache, mifugo yetu ya sufi, na tanuri la udongo lililotoa mkate mzuri kuliko wa duka lolote la Calama.

Huko kwetu upepo huja baada ya chakula cha mchana, na hauna adabu. Huokota vumbi lote la pampa ukalileta mezani. Ndiyo maana wanawake wa Tinajas, kabla upepo haujaamka, hufagia mbele ya mlango kisha hunyunyiza maji ili vumbi lilale. Siku za kawaida ni maji yaliyooshea vyombo. Akitarajiwa mgeni ni maji safi, yale yale ya kunywa, na mgeni anayejua mambo akikuta ardhi imelowa mlangoni huvua kofia, maana ameshakaribishwa kabla mtu hajafungua mdomo. Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawajafika Tinajas. Kwetu mgeni akija, mwenyeji hulala na kiu kidogo, na anafurahi.

Kwa hilo Bi Eufrasia hakuwa na mpinzani. Mbele ya nyumba yake tonge likikuponyoka ungeweza kuliokota ukalila.

Kisha ikaja kampuni ya sola. Wakubwa wake walikaa Santiago, mji mkuu. Aliyetumwa alikuwa mhandisi mmoja msichana, jina lake Isidora, ambaye siku ya kwanza tu pua ilimbabuka kwa jua. Alitukusanya mbele ya kanisa dogo akatueleza. Paneli walizotaka kuleta zilikuwa za nyuso mbili. Uso wa juu unakula jua la mbinguni, na uso wa chini unakula lile linalorudishwa na ardhi. Ardhi nyeupe hurudisha mwanga mwingi, ardhi nyeusi huumeza. Kwa hiyo kabla ya kujenga ilibidi wapime ardhi yetu inarudisha kiasi gani, na walikuwa wakipima pia uwanda mwingine, mbali kusini. Uwanda utakaoshinda ndio utakaopata mitambo, na kijiji chake kitapata umeme wa saa zote, bomba la maji na ajira.

Tulicheka. Ardhi ya Tinajas ina chumvi juu yake kama unga kwenye meza ya mwoka mikate. Mchana tunatembea tumefumba jicho moja. Abundio Saire, aliyekuwa mkuu wa kituo enzi za treni na bado hajavua kofia ya kazi, alimwambia:

"Binti, hiyo mashine yako ivalishe miwani. Itapofuka kabla ya Jumapili."

Kifaa chenyewe kilifungwa kwenye nguzo nyuma ya nyumba ya mwisho, ndani ya uzio mdogo wa waya. Kilikuwa na vioo viwili vya mviringo vilivyopeana migongo, kimoja kinaangalia mbingu, kingine kinaangalia ardhi. Takwimu zilikwenda zenyewe Santiago kwa antena. Kilichotakiwa ni mtu wa kufuta vioo, na kwa kuwa nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Eufrasia, funguo akapewa yeye.

Kabla nguzo haijasimamishwa Bi Eufrasia alichimba kishimo cha sadaka, akatia majani ya koka, akamwonyesha Isidora namna ya kummiminia Mama Ardhi divai kwa mikono miwili. Yule msichana akamimina matone mawili matatu, kwa haya.

"Mimina vizuri, binti," Abundio akamtania. "Ukimnyima naye anakunyima."

Ndipo Isidora akampa Bi Eufrasia kitambaa laini cha kufutia. Nilikuwapo, nasikia.

"Kila asubuhi, mama, unafuta vioo na hiki. Vumbi ndilo adui yetu. Hasa hiki kioo cha chini, vumbi likikishika tumekwisha."

"Vumbi nalijua, mwanangu. Tumekua wote."

"Basi sina wasiwasi. Wewe paangalie hapa kama nyumbani kwako."

"Kama nyumbani kwangu," Bi Eufrasia akarudia. Na huyo alikuwa mtu wa kushika neno.

Lazima mjue kwa nini alilishika kwa mikono yote. Yovana aliishi mjini Antofagasta na mumewe Wladimir, fundi umeme, katika chumba cha kupanga juu mlimani ambako choo ni cha watu wengi. Alikuwa ameshamwambia mama yake waziwazi: "Umeme ukija, Mama, na sisi tunakuja. Wladimir atapata kazi hapo hapo, tutajenga karibu na tanuri lako." Bi Eufrasia alikuwa ameshachagua mahali pa hiyo nyumba. Alikuwa amepazungushia mawe ili llama wasikanyage. Watu wakimuuliza ya nini, anasema, "Ya binti yangu," kama vile binti amekwenda dukani tu.

Baada ya hapo nikaanza kuona pipa lake linakauka mapema. Nikifika nakuta kikombe kinagonga chini. Nikamwuliza, maana mimi siwezi kunyamaza.

"Komadre, siku hizi unaoga mara mbili?"

"Nina mgeni, kompadre."

"Mgeni gani? Mbona sioni mtu?"

Akanyoosha kidevu kuelekea uani. "Yule pale kwenye nguzo. Hali, hasemi, hata asante hatoi, lakini mgeni ni mgeni."

Akanipeleka nikaone. Ndani ya uzio palikuwa pamefagiliwa mpaka ile chumvi yote imekwenda na ufagio. Ardhi ilikuwa imelowa, imeshindiliwa, ya rangi ya kahawia nzito, inanukia mvua, na mvua kwetu ni kitu cha kusimuliwa. Alikuwa ananyunyiza kabla ya upepo, na pakikauka ananyunyiza tena. Maji safi, si ya vyombo. Nikamwambia pamependeza, na palikuwa pamependeza kweli. Kile kioo cha chini kiling'aa, hakina hata chembe. Alipougua homa, alimtuma Abundio amnyunyizie, naye mzee akaenda na kopo lake huku akilalamika kwamba amestaafu.

Mara kwa mara nilimpandisha lorini mpaka kilima chenye mtandao, akampigia Isidora simu.

"Mama, vioo ni visafi ajabu," Isidora anamwambia. "Tuna vifaa sehemu nyingi, hakuna kinachotunzwa kama hicho."

"Napatunza kama nyumbani, mwanangu. Kama ulivyosema."

"Endelea hivyo hivyo, mama."

Naye akaendelea hivyo hivyo.  Kule Santiago takwimu zilikuwa zinasema ardhi ya Tinajas ni nyeusi, tena nyeusi kuliko walivyotarajia, na kulikuwa na watu pale ofisini waliotembea juu yake wakitokwa na machozi kwa weupe wake. Lakini wamesomeshwa kwamba jicho hudanganya na kifaa hakidanganyi. Wakaamini kioo, wakayatupa macho yao.

Habari ilikuja mwishoni mwa mwaka, ya maneno machache. Uwanda wa kusini umechaguliwa. Ardhi ya Tinajas hairudishi mwanga wa kutosha.

"Hairudishi mwanga?" Abundio alisema. Alitoka nje, akasimama jua la mchana akiikodolea macho pampa mpaka yakamtoka machozi. "Sasa hiki kinachoniliza ni nini, vitunguu?"

Tulitukana. Tulisema wamehongwa, tulisema watu wa kusini wana mjomba wizarani. Bi Eufrasia pekee hakutukana. Alisema labda chini ya chumvi kuna kitu wasomi wanakiona na sisi hatukioni. Isidora alipotuma salamu kwamba anakuja kuchukua kifaa, Bi Eufrasia alioka mkate, akachemsha nyama ya llama na viazi, akafagia, akamwaga maji safi mlangoni na chini ya nguzo. Nikamwambia aache, hao wametutupa.

"Wametutupa wao, kompadre. Mimi sijamtupa mtu."

Isidora alifika nikiwa najaza mapipa. Alikuwa amekonda. Bi Eufrasia alimwambia akae ale kwanza, naye akaomba akakione kifaa kabla, nadhani alitaka kumaliza haraka jambo la aibu. Tukaenda wote wanne, na Abundio nyuma na kofia yake. Kwenye mlango wa uzio Isidora akasimama. Akatazama chini.

"Mvua imenyesha?" akauliza.

"Mvua?" Abundio akacheka. "Mimi mara ya mwisho kuiona nilikuwa sijaota ndevu."

"Nani amemwaga maji hapa?"

"Mimi, mwanangu," Bi Eufrasia akasema. "Leo nimechelewa kidogo, nilikuwa na mkate. Ndiyo maana pembeni hapajakolea."

"Leo tu?"

"Na jana. Kila siku. Vumbi lisikishike kioo. Si uliniambia nipaangalie kama nyumbani?"

Isidora alichuchumaa akaweka kiganja juu ya ile ardhi. Akainua macho akatazama nje ya waya, kule pampa ilikowaka nyeupe mpaka miguuni mwa milima, kisha akarudi kutazama ndani. 

"Mama," akasema taratibu, "hiki kioo cha chini hakikuwa kinaangalia pampa. Kilikuwa kinaangalia maji yako."

Bi Eufrasia hakuelewa mara moja. Isidora alimweleza, na alimweleza vizuri, bila maneno makubwa. Ardhi iliyolowa huwa nyeusi. Ardhi nyeusi humeza mwanga. Kile kioo kilipaswa kuona chumvi, vumbi na kokoto kama Mungu alivyoziacha, ili wajue paneli zitakula nini kwa chini. Badala yake kilionyeshwa, mwaka mzima, mlango wa nyumba inayosubiri mgeni.

"Si mpime tena?" Abundio akasema. "Tutakaa mbali. Hatutatema hata mate."

"Mkataba wa kusini umeshatiwa saini, baba. Nitawaandikia, nitawaambia nilichokiona. Lakini kupima ni mwaka mwingine, na hawatasubiri."

Aliandika kweli. Walimjibu kwamba wanamshukuru kwa taarifa.

"Kosa ni langu," akamwambia Bi Eufrasia. "Nilikwambia ufute vioo, sikukwambia usimwage maji. Haikunijia kabisa. Sikuwaza kwamba mtu wa jangwani anaweza kumwaga maji chini."

Hapo nikapandwa na hasira. "Na ulitaka awakaribishe na nini? Mchanga? Ungekaa hapa siku mbili ukala na watu, ungejua."

"Kompadre," Bi Eufrasia akanikata, "usimfokee mgeni."

Akatupeleka mezani. Isidora alikula huku machozi yakidondokea mchuzi, na Bi Eufrasia akawa anamwongezea viazi. Hakusema neno lolote baya, wala siku ile, wala baadaye. Mimi ningependa aseme. Ningependa apige sufuria chini. Kuna watu wanaonyamaza kwa sababu hawana uchungu, na wapo wanaonyamaza kwa sababu wakianza hawataweza kuacha, na mimi namjua komadre wangu alikuwa wa aina gani.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, alisimama kwenye ngazi akawaambia mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, Abundio na mimi tulikuwa tumekubaliana kufunga midomo.

"Ardhi yetu haina kasoro," alisema. "Ni mimi niliyekitia mchanga hiki kitumbua. Nilimwaga maji, kifaa kikaona giza. Nimekuja kuwaomba radhi."

"Hata mimi nilimwaga, ulipougua," Abundio akasema kwa sauti, ili wasikie.

"Ulimwaga kwa sababu nilikutuma, Abundio."

Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo lilimwumiza zaidi. Wangemlaumu kwa lipi? Kila mwanamke pale alijua kwamba funguo zingekuwa mkononi mwake angefanya vile vile, labda kwa maji machache zaidi. Walimshika mkono mmoja mmoja, wakaenda zao. Wiki zilizofuata nyumba mbili zikafungwa. Majuto ni mjukuu, na Tinajas hata wajukuu hatukubaki nao.

Ilibaki simu ya Yovana. Nilimpandisha mpaka kilimani, nikashuka nikajifanya nakagua magurudumu, lakini madirisha ya lori langu hayafungi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Yovana, mwanangu, ni kuhusu sola. Watu wasikwambie ardhi ya kwenu ni mbaya. Ni mimi." Akamsimulia kuanzia kitambaa mpaka kiganja cha Isidora. Simu ilikuwa na sauti kubwa, ya wazee. Upande wa pili mtoto wa mtu mwingine alikuwa analia mbali huko.

"Mama," Yovana akasema mwishowe, "hayo maji uliyokuwa unamwaga yalikuwa ya kunywa?"

"Ya kunywa, ndiyo. Ya mgeni."

"Mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unakunywa nini?"

 Bi Eufrasia alisema mtandao unakatika, akazima simu, akaishika mapajani mpaka tuliposhuka chini.

Mkate hufuata mdomo, lakini kazi haifuati mtu. Mtu ndiye huifuata kazi. Wladimir aliandikwa kwenye mitambo ile ile, kule kusini, miongoni mwa mafundi wa kwanza. Kampuni ikawapa nyumba ya vyumba viwili, na bomba ndani. Yeye na Yovana walikuja kumchukua Bi Eufrasia kwa gari dogo la kuazima, msimu wa baridi ulipokuwa unaanza. Llama alikuwa ameshawauza. Mimi nilikuja na lori tupu ili nibebe vyombo, na Abundio alikuja kutoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Tulikula mara ya mwisho kwenye ile nyumba. Yovana alikuwa uani, anazunguka yale mawe ambayo mama yake aliyapanga, haingii ndani. Wladimir alikaa karibu na mlango, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, asiyejua kudanganya, ugonjwa mbaya kwa mkwe. Bi Eufrasia alikuwa anakata mkate kwa kuuegemeza kifuani, kama walivyofanya mama zetu.

"Wladimir, mwanangu," akamwuliza, "na hiyo ardhi ya huko ikoje?"

"Ni uwanda tu, Mama. Kokoto."

"Rangi yake."

Wladimir akanitazama mimi. Nikatazama sahani yangu.

"Ya kijivu, Mama."

"Inang'aa kuliko hii yetu?"

Nje, mlangoni, pampa ilikuwa inawaka kiasi kwamba tulikula tumekunja nyuso. Wladimir aliigeukia, akaitazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa.

"Hapana, Mama. Haifiki hata nusu."

Bi Eufrasia alitikisa kichwa taratibu. Kisha akamkatia kipande kingine cha mkate, akamwambia ale ashibe, safari ni ndefu.